Bahari ya Hindi na Mvua za Shinyanga

Watu wa pwani walijua tangu zamani kuwa bahari na majira haviachani. Kaskazi na kusi, majina ya pepo, yalikuwa pia majina ya majira, na kutokana nayo zikapatikana kaskazini na kusini. Lakini huko bara, katika nchi za Shinyanga na Geita, ilipozungumzwa mvua bahari haikutajwa. Mvua ilikuwa dhamana ya mtemi. Iliponyesha, alisifiwa, ilipokosekana, alilaumiwa, na wako waliovuliwa utemi kwa sababu hiyo.

Elimu ya leo yaonyesha kuwa hukumu hizo zilitolewa pasipo kumwita shahidi mmoja mkubwa, naye ni Bahari ya Hindi. Baina ya kusi na kaskazi, pepo za ikweta huvuma kutoka magharibi, zikiendesha mkondo upelekao maji ya moto upande wa Sumatra. Pepo hizo zikidhoofika au kugeuka, mkondo nao hulegea; maji ya moto husogea upande wa Afrika, mvuke mwingi hupanda, na mvua za Oktoba hadi Desemba huzidi kiasi. Hali ikiwa kinyume, mara nyingi mvua hizo hupungua.

Mfano ulio mkubwa ni mwaka 1961. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba, bahari ilikuwa imegeuka hivyo. Mvua za mwaka ule na za miaka iliyofuata zililipandisha Ziwa Viktoria, lipakanalo na Geita, kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Katikati ya miaka hiyo, 1963, serikali iliondoa madaraka ya watemi kwa sheria. Wataalamu hawakuupa mwenendo huo wa bahari maelezo kamili ila mwaka 1999. Mwaka 2019 ulirudi kwa nguvu, na Mei 2020 ziwa likapita kidogo kiwango cha 1964.

Isidhaniwe kuwa wazee wa Usukuma walikosa maarifa. Ngitili, yaani malisho yafungwayo wakati wa mvua ili mifugo iyapate kiangazi, ni hekima ya watu waliojua kuwa mvua haiaminiki. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza 1986, uliifufua hekima hiyo.

Kwa hiyo, asomaye habari za mtemi aliyeondolewa kwa ajili ya ukame hana budi kuuliza swali moja zaidi: mwaka ule, bahari ilikuwaje?