Kurekebisha springi za nyuma kwa matairi mapana

Kurekebisha springi za nyuma kwa matairi mapana ni kazi ya ufundi wa magari ambayo sehemu zinazobeba ekseli ya nyuma husogezwa au kubadilishwa ili tairi pana zaidi lienee bila kugusa springi, chasisi wala bodi. Kazi hii ilipata umaarufu kupitia magari ya Marekani ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa. Kanuni zake ni zilezile kwa magari ya kazi yenye springi za pleti, kama vile Land Rover na Toyota Land Cruiser za zamani, ambayo hutumika katika barabara za vumbi na tope za mikoa kama Katavi nchini Tanzania.

Historia

Kuanzia mwaka 1964 viwanda vya Marekani vilitoa magari ya bei nafuu yenye injini za silinda 8, yakiwemo Pontiac GTO na Ford Mustang, na baadaye Dodge Charger na Chevrolet Camaro. Mustang, Charger na Camaro za wakati huo zilikuwa na ekseli nzima ya nyuma iliyofungwa juu ya springi mbili za pleti. Matairi yake yalikuwa membamba kuliko nguvu ya injini, hivyo dereva alipokanyaga mafuta ghafla magurudumu yaliteleza. Washindani wa mbio fupi za moja kwa moja walitaka matairi mapana, lakini springi zilikuwa karibu sana na upande wa ndani wa gurudumu. Hapo ndipo mafundi walipoanza kusogeza springi ndani.

Magari ya kazi yalipita njia nyingine. Land Rover ya kwanza ilitoka Uingereza mwaka 1948 ikiwa na springi za pleti mbele na nyuma. Kampuni hiyo ilianza kutumia springi za koili katika Range Rover mwaka 1970, na katika gari lake la kazi mwaka 1983. Land Cruiser ya familia ya 70 ilianza mwaka 1984. Mwaka 1999 aina zake za kazi nzito zilipewa koili mbele, lakini nyuma zilibaki na pleti kwa sababu pleti hubeba mzigo mkubwa na ni rahisi kutengenezwa.

Nafasi ya tairi

Tairi la nyuma lina mipaka mitatu. Ndani kuna springi, chasisi na shokapu. Nje kuna ukingo wa bodi au madigadi. Juu kuna paa la tundu la gurudumu. Upana unaoongezeka hugawanyika sawa ndani na nje endapo rimu ina ofseti ileile. Ofseti ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaofungwa kwenye habu.

Kwa mfano, tairi la 235/85R16 likibadilishwa na la 285/75R16, upana huongezeka kwa milimita 50. Milimita 25 huenda ndani na 25 nje. Kama mwanzoni kulikuwa na milimita 30 kati ya tairi na springi, hubaki milimita 5 tu. Nafasi hiyo haitoshi, kwa sababu tairi hutanuka chini ya mzigo, bushi hulegea, na ekseli huinama gurudumu moja linapopanda jiwe.

Kipenyo nacho hubadilika. Tairi la kwanza lina kipenyo cha milimita 806 hivi na la pili 834, yaani ongezeko la asilimia 3.5. Spidomita ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu kilomita 83.

Njia za kurekebisha

Kubadilisha rimu au kuweka spesa. Hii ni njia rahisi kwa kuwa springi haziguswi. Spesa ya milimita 25 husogeza kila gurudumu nje kwa kiasi hicho, na upana kati ya magurudumu mawili huongezeka kwa milimita 50. Uzito nao husogea nje, mbali na beringi, hivyo beringi na stadi hubeba nguvu zaidi.

Kusogeza springi ndani. Fundi huweka hanga mpya kwenye chasisi na viti vipya vya springi juu ya ekseli, kisha hufunga tena yu-bolti. Katika magari ya Dodge na Plymouth springi zilisogezwa kwa nusu inchi hivi, au zikapelekwa ndani zaidi hadi chini ya reli za chasisi. Njia hii huleta nafasi halisi upande wa ndani, lakini hupunguza uimara wa gari kwenye kona. Uwezo wa springi kuzuia gari lisilale hufuata mraba wa umbali kati yake. Springi zilizokuwa umbali wa milimita 1,000 zikisogezwa hadi 900, uwezo huo hubaki asilimia 81 tu.

Kufupisha ekseli. Nyumba ya ekseli hukatwa na kuunganishwa upya, na shafti za ndani hufupishwa na kuchongwa meno mapya. Gurudumu huingia ndani, hivyo njia hii hufaa pale tu ambapo springi zimekwisha kusogezwa na tundu limepanuliwa.

Kupanua tundu la gurudumu. Bati la ndani hukatwa na kushonwa jipya lililo pana zaidi. Katika magari mengi kazi hii hufanywa pamoja na kusogeza springi, kwa kuwa moja bila nyingine huacha tairi likigusa upande mmoja.

Kuondoa pleti na kuweka koili. Ekseli hushikwa na mikono minne ya chuma, na koili huwekwa mahali penye nafasi. Pleti hufanya kazi mbili kwa pamoja: hubeba uzito na hushika ekseli isisogee mbele wala kando. Zikiondolewa, kazi ya pili lazima ifanywe na mikono hiyo, na kosa dogo la vipimo hufanya gari lijiendeshe lenyewe upande.

Kunyanyua gari

Watu wengi hudhani kwamba kuongeza pleti au kuweka shako ndefu huruhusu tairi pana. Kunyanyua huongeza nafasi ya juu peke yake. Umbali kati ya tairi na springi hubaki vilevile, kwa kuwa springi na gurudumu vyote vimefungwa kwenye ekseli moja. Aidha, gari lililonyanyuliwa huwa na kitovu cha uzito kilicho juu zaidi, propela shafti hukaa kwa pembe kali, na mpira wa breki wa nyuma unaweza kuvutika.

Faida na mipaka ya upana

Shinikizo la tairi juu ya ardhi hukaribiana na shinikizo la upepo lililomo ndani yake. Tairi pana huruhusu upepo kupunguzwa bila rimu kugonga chini, na ndiyo maana hufaa kwenye mchanga na udongo laini. Kwenye tope jembamba juu ya ardhi ngumu, tairi jembamba kama 7.50R16 huweza kuwa bora, maana hukata tope na kufika kwenye udongo mgumu. Tairi pana huelea juu ya tope hilo na kuteleza. Pia huongeza uzito wa usukani linapowekwa mbele, na matumizi ya mafuta.

Upana wa mbele na wa nyuma unapaswa kuzingatiwa pamoja. Toyota ilipoweka injini ya dizeli ya silinda 8 katika Land Cruiser ya familia ya 70 mwaka 2007, sehemu ya mbele ilipanuliwa na ya nyuma ikabaki, kukawa na tofauti ya milimita 95 hivi. Magurudumu ya nyuma hayafuati alama za yale ya mbele, na kwenye mchanga gari hulazimika kufungua njia mpya. Nchini Australia kumetokea biashara ya ekseli pana za nyuma ili kusahihisha hali hiyo.

Katika mkoa wa Katavi

Katavi ulitengwa na mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na makao makuu yake ni Mpanda. Mvua hunyesha hasa kati ya Novemba na Aprili. Mabonde ya mto Katuma na nyanda za Katisunga na Chada katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi hujaa maji, na udongo mweusi wa mbuga huwa tope zito linalonata. Udongo huo hujaza meno ya tairi, liwe pana au jembamba, na kina chake huweza kuwa kirefu kiasi kwamba hakuna ardhi ngumu ya kufikiwa. Wakati wa kiangazi udongo uleule hupasuka na kuwa mgumu, na makorongo yake hupinda ekseli hadi mwisho wa mwendo wake. Tairi lisilogusa springi gari likiwa limesimama gereji huweza kusuguliwa hapo.

Hatari kubwa kwa gari la kazi ni mzigo. Gari hujaribiwa tupu, kisha hupakia magunia ya mahindi au mpunga pamoja na abiria, na springi hushuka. Tairi linalosugua pleti au yu-bolti hukatika ubavuni, na huweza kupasuka likiwa kwenye mwendo. Kwa hiyo vipimo huchukuliwa gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, na kila gurudumu la nyuma hunyanyuliwa kwa jeki kwa zamu hadi ekseli ifike kwenye mpira wa kizuizi. Baada ya kazi, yu-bolti hukazwa tena gari likishatembea kilomita chache mia, kwa sababu pleti mpya hukaa na kulegeza bolti. Nyufa hutafutwa penye kila mshono wa kulehemu, hasa kwenye hanga na viti vya springi, ambapo uzito wote wa nyuma hupita.