Nyumba ya U Minuty na Utoto wa Kafka

Katika Uwanja wa Mji Mkongwe jijini Prague, ubavuni mwa jumba la baraza la mji, imesimama nyumba iitwayo U Minuty. Asili yake ni ya karne ya 15, lakini sura yake ya leo ni ya zama za Ufufuko wa Sanaa barani Ulaya, kuta zake zilipotiwa sgrafito: lipu iliyokwanguliwa ili tabaka la chini lijitokeze kama picha. Picha zenyewe zatokana na Biblia na visasili vya Wayunani.

Familia ya Franz Kafka iliishi humo tangu 1889 hadi 1896. Dada zake watatu, ambao baadaye waliuawa na Wanazi, walizaliwa katika kipindi hicho. Mhakiki anayetegemea wasifu wa mwandishi hushawishika kuziona picha hizo kuwa chemchemi ya viumbe wa ajabu wa Kafka. Hoja hiyo haisimami. Wakati huo sgrafito ilikuwa imefunikwa kwa lipu. Ilifunuliwa mwanzoni mwa karne ya 20, familia ikiwa imekwisha kuhama. Mtoto Kafka aliuona ukuta mtupu.

Alichokikumbuka mwenyewe, katika barua aliyomwandikia Milena Jesenská mwaka 1920, ni safari ya kwenda shuleni kutoka nyumba hiyo. Mpishi aliyemsindikiza alimtisha kila asubuhi kwamba angemshtaki kwa mwalimu, na mtoto akasihi njia nzima. Msomaji wa Der Process (1925) atalitambua tishio hilo upesi kuliko picha yoyote ya ukutani.