Upimaji wa Vinasaba kwa Watoto: Pwani ya Kilwa na Lindi

Vipimo vya vinasaba kwa watoto ni vya aina mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kuna kuhesabu kromosomu, kama katika sindromu ya Down, ambayo Jérôme Lejeune na wenzake walionyesha mwaka 1959 kuwa inatokana na kromosomu ya 21 iliyozidi. Na kuna kusaka hitilafu ya jeni moja, kama selimundu. Kwa ukanda wa Kilwa na Lindi, cha selimundu ndicho kinachostahili kutangulia. Kromosomu huonekana vizuri seli inapogawanyika, hivyo damu sharti ifike maabara ikiwa hai, ioteshwe siku tatu hivi, seli zisimamishwe kwa dawa zikiwa zinagawanyika, kisha zitiwe rangi na kuhesabiwa chini ya hadubini. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 300, na Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hiyo Somanga. Tone la damu ya kisiginoni lililokaushwa kwenye karatasi halijali barabara kukatika, na vipo vipimo vidogo vinavyojibu palepale zahanati kwa dakika chache (kusema kweli hupima himoglobini, zao la jeni, wala si jeni yenyewe).

Tena jibu lake linaokoa maisha. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Jeni hiyo imedumu kwenye maeneo ya malaria kwa sababu aliyerithi nakala moja tu hupata kinga dhidi ya malaria kali, jambo aliloandika A. C. Allison mwaka 1954. Aliyerithi mbili ndiye anayeugua. Wapo wanaouliza kuna faida gani kujua ugonjwa ambao wengi hawataponywa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1986 ulionyesha kuwa penisilini ya kila siku ilipunguza maambukizi makali ya nimokoka kwa asilimia 84 kwa watoto hao, na dawa hiyo ni ya bei nafuu. Wengine wanahofia kuwa mama atalaumiwa, ilhali ugonjwa huu hautokei bila baba naye kuchangia nakala yake.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi wa mtoto mwenye Down, wanaotaka uhakika. Lakini ulegevu wa misuli, umbo la macho na mstari mmoja kiganjani humtosha daktari mzoefu kuanza kazi, na kwa kuwa karibu nusu ya watoto hawa wana kasoro ya moyo, kipimo cha haraka ni ultrasaundi ya moyo. Kuhesabu kromosomu kunabaki na kazi yake: katika asilimia 3 hadi 4 hivi, kipande cha kromosomu ya 21 kimegandamana na nyingine, na mzazi anaweza kuwa amekibeba bila kujua, jambo linalogusa mimba zijazo. Mtoto akipelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, damu yake ichukuliwe hukohuko Dar es Salaam katika safari hiyohiyo.