Nyambizi Ndogo na Manowari za Kilindini

Mlango wa bandari ya Kilindini uko kati ya kisiwa cha Mombasa na Likoni, kwa hiyo hakuna meli iliyoingia humo bila kupita mbele ya macho ya pwani ya kusini. Mwaka 1942 zilikuwa nyingi. Wajapani walipoishambulia Ceylon, Sri Lanka ya leo, mwezi wa Aprili, Admeri James Somerville aliona heri manowari za Uingereza zihamie Kilindini.

Wajapani wakazisaka. Mei 19 ndege ndogo iliyobebwa na nyambizi I-30 iliruka juu ya Zanzibar na Dar es Salaam. Windo lenyewe lilipatikana Madagaska, katika bandari ya Diego Suarez, ambayo Waingereza walikuwa wameiteka mapema mwezi huohuo kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy.

Silaha waliyoitumia ilikuwa ya ajabu. Nyambizi ndogo ya urefu wa mita 24 hivi, upana usiofika mita mbili, ilibebwa mgongoni mwa nyambizi kubwa hadi karibu na bandari. Ndani walibanana watu wawili: ofisa kwenye periskopu na fundi wake. Puani ilikuwa na topido mbili, na juu yake kikatio cha kukata nyavu za chuma zinazoziba bandari. Udhaifu wake ulikuwa umeme. Ilienda kwa betri tupu, bila injini ya kuzichaji. Kwa mwendo wake wa juu kabisa, noti 19, betri hazikumaliza saa nzima. Kwenda kulikuwepo. Kurudi kulikuwa bahati nasibu.

Nyambizi mama zilikuwa tatu, lakini I-18 iliharibika injini. Usiku wa Mei 30, I-16 na I-20 zilitoa watoto wao. Topido moja iliitoboa manowari Ramillies, nyingine ikaizamisha meli ya mafuta British Loyalty. Nyambizi ndogo ya I-16 ilipotelea baharini. Luteni Saburo Akieda na mwenzake Masami Takemoto, wa I-20, walikwama ufukweni, wakashika njia kwa miguu. Walinunua chakula kijijini, habari zikawafikia Waingereza, na Juni 2 wakauawa katika mapambano na wanamaji.

Siku chache baadaye, Juni 8, Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki iliteremka Diego Suarez.

Siku moja baada ya shambulio la Diego Suarez, nyambizi ndogo nyingine tatu ziliingia bandari ya Sydney, Australia. Mojawapo ilibebwa na I-27. Nyambizi hiyo kubwa ndiyo iliyoizamisha meli Khedive Ismail karibu na Maldivi, Februari 12, 1944. Meli hiyo ilikuwa imeondoka Kilindini wiki moja tu kabla, ikiwa na wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Watu 1,297 walikufa.