Serikali Inapokodi Shamba Lisilimwe

Kaunti ya Cimarron iko ncha ya magharibi kabisa ya jimbo la Oklahoma, Marekani: tambarare kavu ya ngano na ng'ombe. Mwaka 1936 Arthur Rothstein, mpigapicha wa serikali, alipiga hapo picha iliyokuja kujulikana dunia nzima. Mkulima na wanawe wawili wanapita mbele ya kibanda huku vumbi likiwachapa, na nguzo za ua zimezama mchangani.

Ukame ulikuwa na mshirika. Ngano ilipopanda bei wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na trekta zilipoenea baadaye, nyasi za asili zililimwa zikaisha. Mvua ilipokatika miaka ya 1930, hapakuwa na mizizi ya kuushika udongo. Tarehe 14 Aprili 1935 wingu la vumbi lilitia giza mchana. Siku 13 baadaye Marekani ikawa na sheria ya hifadhi ya udongo, na mtaalamu wa udongo Hugh Hammond Bennett akakabidhiwa idara mpya ya kuisimamia.

Malipo kwa mkulima yalipitia mlango wa nyuma. Januari 1936 Mahakama ya Juu ilibatilisha mpango wa kuwalipa wakulima wapunguze mazao ili bei ipande. Kabla Februari haijaisha, Bunge lilitunga sheria nyingine: sasa mkulima angelipwa kwa kuacha mazao yanayochosha ardhi na kupanda nyasi au jamii ya kunde. Hamu ya kupandisha bei ilibaki pale pale, ila ilivishwa joho la hifadhi.

Mwaka 1956, chini ya Rais Eisenhower, ikaja Benki ya Udongo, mpango wa kuwalipa wakulima walaze ardhi bila kuilima. Kufikia 1960 karibu ekari milioni 29 zilikuwa zimelazwa, mara nyingi shamba zima kwa mpigo. Anayelaza shamba zima hanunui mbegu, mbolea wala dizeli, kwa hiyo wenye maduka wa miji midogo wakalalamika. Mikataba ikaisha, Wasovieti wakanunua nafaka kwa wingi mwaka 1972, bei ikaruka, na plau zikarudi kazini.

Mpango wa sasa ulizaliwa katika sheria ya 1985 iliyosainiwa na Rais Reagan. Mwenye shamba hupeleka ombi ofisi ya kilimo ya kaunti, akitaja kodi anayotaka kwa ekari. Akikubaliwa, hulipwa kila mwaka kwa miaka 10 hadi 15, na serikali huchangia gharama ya kupanda nyasi. Kilio cha wenye maduka hakikusahauliwa: kwa kawaida hairuhusiwi kulaza zaidi ya robo ya ardhi ya mazao ya kaunti.

Bei, hata hivyo, haina kikomo kama hicho. Mwaka 2007 ekari zilizolazwa zilifika milioni 36.8, bei ya nafaka ikapanda, wengi wakaacha mikataba iishe, na sheria ya 2014 ikashusha ukomo wa ekari hadi milioni 24.

Cimarron yenyewe ina mfano wa njia nyingine. Miaka ya 1930 serikali ilinunua moja kwa moja baadhi ya mashamba yaliyochakaa, ambayo leo ni sehemu ya hifadhi ya nyasi ya Rita Blanca. Mashamba yale hayana mkataba wa kuisha, na ngano ipande isipande, ng'ombe bado wanalisha pale. Kununua ni ghali na hakuwapendezi wanasiasa, ndiyo maana serikali imeendelea kukodi, na kila mkataba unapoisha hushindana upya na bei ya ngano.