Kaa wa Mtoni na Bonde la Upofu

Wako watu wazima, wenye elimu nyingi, ambao kazi yao ni kuinama majini na kutafuta kaa. Huko pwani, maji yanapokupwa Watamu, Malindi na Kisite, hutembea juu ya miamba ya matumbawe, wakachungulia kila shimo na kila ufa. Wampatapo kaa au kamba mahali ambapo hajapata kuonekana, huandika mambo manne: jina lake, mahali alipopatikana, siku aliyopatikana na aliyempata. Kisha habari hiyo huchapishwa, ili kila mtu duniani ajue kwamba mnyama huyu anaishi na hapa pia.

Mtu apitaye njiani huweza kucheka. Atauliza, "Kaa ni kaa. Akikaa hapa au pale, mimi napata faida gani?" Swali hilo si la kipumbavu, nalo lastahili jibu. Jibu lake, hata hivyo, sitalitafuta pwani. Nitalitafuta katika milima ya Kisii na Nyamira, mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 600, mahali ambapo wengi hawangedhani kwamba kaa ana historia yoyote.

Nchi ya Wagusii ni nchi ya vilima na mito. Mji wa Kisii uko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,700, na mvua huwa nyingi karibu mwaka mzima. Mto Gucha, ambao majirani huuita Kuja, huanzia katika vilima vya Nyamira, ukapokea vijito vingi, mmoja wao ukiwa Riana, ukateremka hadi Ziwa Viktoria. Upande wa mashariki na kaskazini uko mto Sondu, ambao sehemu yake ni mpaka kati ya Nyamira na Kericho. Maji yote hayo huishia ziwani, na kutoka ziwani hushika njia ya mto Nile.

Chini ya mawe ya mito hiyo huishi kaa wa maji baridi, wa jamii iitwayo Potamonautes. Mtoto yeyote aliyewahi kuchota maji au kuvua samaki kijitoni anamfahamu, maana amewahi kubanwa kidole. Kaa huyu ana tabia moja inayomtenga na ndugu zake wa baharini. Kaa wengi wa baharini hutoa watoto wadogo mno, ambao huchukuliwa na mikondo ya maji siku nyingi, wakafika mbali na mama zao. Kaa wa mtoni hubeba mayai yake chini ya tumbo, na watoto hutoka wakiwa tayari wana umbo la kaa. Hawana safari ya baharini. Mto waliozaliwa ndio mto wanaokulia, na kwa sababu hiyo ukijua kaa wako wapi, umejua jambo la kudumu juu ya mto wenyewe.

Sasa tuyaache makazi ya kaa kwa muda, tutazame makazi ya watu.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, baadhi ya mabonde ya nchi hizi yalikuwa na msiba mkubwa. Watu walijikuna mchana na usiku mpaka ngozi zao zikawa ngumu na kukunjamana kama za wazee, hata wale waliokuwa bado vijana. Vinundu viliota chini ya ngozi, hasa penye mifupa ya nyonga na mbavu. Baada ya miaka mingi macho yalianza kuingia ukungu, kisha nuru ikazimika kabisa. Msiba huu ulikuwa Riana, katika nchi ya Wagusii. Ulikuwa Kodera, karibu na Oyugis, katika nchi ya Wajaluo. Ulikuwa kandokando ya mito ya Wakipsigis, upande wa Kericho. Na ulikuwa kaskazini, katika misitu ya Kakamega na Kaimosi. Mito haikuuliza mtu ni wa kabila gani. Mkulima aliyelima shamba lenye rutuba kando ya maji ndiye aliyepofuka upesi kuliko yule aliyelima kilimani kwenye udongo hafifu.

Ugonjwa huu huletwa na mnyoo mwembamba, ambaye wataalamu humwita Onchocerca volvulus. Minyoo mikubwa hukaa katika vile vinundu, nayo huweza kuishi humo zaidi ya miaka kumi, ikizaa watoto wadogo sana wasioonekana kwa macho. Watoto hao hutambaa katika ngozi na kuingia katika jicho. Mnyoo hawezi kutoka mwili mmoja na kuingia mwingine kwa nguvu zake mwenyewe. Huchukuliwa na usubi, nzi mdogo mweusi mwenye mgongo wa kibiongo, anayeuma watu mchana karibu na mito. Jambo hili lilithibitishwa mwaka wa 1926 na daktari Blacklock, aliyekuwa akifanya kazi Sierra Leone katika Afrika ya Magharibi.

Usubi wa Sierra Leone na usubi wa Nyanza si wa namna moja. Wa kwetu alipewa jina la Simulium neavei na mtaalamu Mfaransa, Roubaud, mwaka wa 1915. Jina alikuwa nalo, na kuuma alikuwa akiuma. Lakini hakuna aliyejua alikozaliwa. Mabuu wa usubi wa namna nyingine walikuwa wakionekana wamejishikiza juu ya mawe na majani katika maji yaendayo kasi. Mabuu wa usubi wa Nyanza walitafutwa juu ya mawe, juu ya majani, juu ya mizizi na kwenye maporomoko, wasionekane hata mmoja. Adui alikuwa akitoka nyumbani kwake kila asubuhi kuja kuwapofusha watu, na nyumba yake haikujulikana.

Hata hivyo watu hawakukaa wakakunja mikono. Ilikwisha kuonekana kwamba usubi hupenda kivuli cha msitu kando ya mto. Katika miaka ya 1940 vichaka na miti ya bonde la Kodera vilifyekwa, jua likaingia, na usubi akatoweka hapo. Habari hizo zilichunguzwa na kuandikwa na J. J. C. Buckley, mtaalamu wa minyoo kutoka London. Lakini ni nani awezaye kufyeka misitu ya mito yote? Na hata angeweza, je, ingefaa kuiacha kingo zote za mito wazi, mvua zikachukua udongo?

Mwaka wa 1946 ilijaribiwa njia nyingine. P. C. C. Garnham, daktari aliyekuwa amefanya kazi miaka mingi Nyanza, pamoja na J. P. McMahon, walichagua mto Riana. Dawa ya DDT ilikuwa bado mpya. Nguvu yake ya kuua wadudu ilikuwa imegunduliwa mwaka wa 1939 huko Uswisi. Waliitia dawa hiyo mtoni mara kwa mara, wakauachia mkondo wenyewe kazi ya kuisambaza. Hawakujua mabuu wako wapi, lakini walifikiri hivi: popote walipo, maji lazima yawafikie. Sharti lilikuwa kurudia mpaka usubi wote waliokuwa wamekwisha kuruka wafe kwa uzee bila kuacha uzao. Usubi wa Riana alikwisha, na taarifa ya kazi hiyo ikachapishwa mwaka wa 1947.

Msomaji atasema, basi kazi imekwisha. La, haikuwa imekwisha. Riana ni mto mdogo. Mito ya Kericho na Kakamega ilikuwa mikubwa zaidi, yenye matawi mengi. Uitie dawa mito ipi, na uiache ipi? Na ukishaitia, utajuaje kwamba mabuu wamekufa, ikiwa hujapata kumwona hata buu mmoja? Ni sawa na mtu apigaye gizani: huenda akapata, lakini hawezi kujua amepiga nini.

Jibu lilipatikana mwaka wa 1950, nalo lilitokana na jambo dogo. McMahon na mwenzake, E. C. C. van Someren, waliona kwamba mabuu wa namna fulani za usubi hujishikiza juu ya mwili wa mdudu mwingine wa majini, yule ambaye akiisha kuota mabawa huishi muda mfupi tu kisha hufa. Kumbe buu wa usubi aweza kupanda mgongo wa mnyama mwingine! Basi na yule wa Nyanza je, amepanda mgongo wa nani? Wakawatazama kaa. Na huko, juu ya magamba ya kaa wa mtoni, walikuta kile kilichotafutwa kwa miaka: mabuu wa Simulium neavei, wamejishikiza imara, wakiokota chakula chao katika maji yapitayo.

Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mawe yalikuwa yamegeuzwa mara nyingi, na kila jiwe lilipogeuzwa kaa alikimbia na siri yake mgongoni. Wala kaa hakuwa na hatia yoyote. Usubi hakumtaka kwa chakula. Alimfanya chombo cha kusafiria na mahali pa kujishikilia.

Tangu siku hiyo swali la mtu apitaye njiani lilipata jibu. Kujua kaa anaishi wapi kukawa ni kujua upofu unaweza kuingia wapi. Waliokwenda mtoni walikamata kaa, wakawageuza, wakawatazama kwa makini, wakaandika: mto fulani, mahali fulani, siku fulani, kaa wangapi, na wangapi wenye mabuu. Daftari za namna hiyo zilionyesha mito ya kutiwa dawa, na baada ya dawa zikaonyesha kama kazi imefaulu. Kazi ikaendelea mto baada ya mto. Mwaka wa 1958 McMahon, Highton na Goiny walichapisha, katika jarida la Shirika la Afya Duniani, taarifa ya kuangamizwa kwa usubi huyo katika Kenya.

Lakini usubi akifa, mnyoo aliyekwisha kuingia mwilini hafi siku ileile. Kwa hiyo wataalamu walirudi katika mabonde yale kuwapima watu miaka 9, 11 na 18 baada ya usubi kutoweka, na taarifa yao ikatoka mwaka wa 1967. Ugonjwa ulikuwa ukififia kwa kadiri minyoo ilivyozeeka, pasipo mingine kuchukua nafasi yake. Somo hilo lilikuwa la thamani hata nje ya Kenya, maana lilifundisha kwamba vita vya namna hii hupiganwa kwa miaka inayokaribia ishirini. Vita vikubwa vya Afrika ya Magharibi, vilivyoanza mwaka wa 1974, vilihitaji uvumilivu uleule.

Yafaa pia tuseme kweli yote. DDT iliyookoa macho ya watu ilikuja kujulikana kuwa sumu ikaayo muda mrefu katika udongo na katika miili ya viumbe, na mapatano ya Stockholm ya mwaka wa 2001 yamewekea matumizi yake mipaka mikali. Vilevile, majina yaliyoandikwa juu ya taarifa zile ni ya wageni. Waliofyeka vichaka, waliobeba dawa na walioingiza mikono chini ya mawe kukamata kaa walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa wenyeji wa mabonde hayo. Historia iliwatumia, ikasahau kuwataja. Kijana asomaye habari hizi na awakumbuke.

Wala kazi ya kaa haikuishia hapo. Katika mlima Elgon, upande wa Uganda, usubi yuleyule aliendelea kusumbua watu hadi karne hii. Uganda ilipoazimia mwaka wa 2007 kuukomesha ugonjwa huu, watu walipewa dawa ya kumeza iitwayo ivermectin, na mito ikatiwa dawa nyingine isiyokuwa DDT. Na ili kujua kama usubi amekwisha, watu walifanya nini? Walishuka mitoni, wakakamata kaa, wakawageuza, wakaandika.

Leo mtoto wa Riana hugeuza jiwe, akambamba kaa, akamcheka anavyotembea upande upande. Hajui kwamba babu wa babu yake huenda aliongozwa kwa fimbo katika bonde hilohilo. Heri asingojee msiba ndipo ajue. Nawe msomaji, siku utakapokuta mtoni au pwani kiumbe usichokijua, kitazame vizuri kabla hujakiacha, kisha uandike mambo yale manne. Mdharau mwiba mguu huota tende. Na waliodharau kaa walikaa gizani miaka mingi, hali siri ya nuru yao ilikuwa chini ya jiwe.