Hukwe Zawose na Mizani ya Vidoleni

Malenga wenzangu, kwa miaka mingi nilifundisha ushairi nikiwa na vina na mizani mkononi kama fimbo. Mwanafunzi mmoja wa Kigogo aliponiletea wimbo wa kwao alioutafsiri kwa Kiswahili, nilimrudishia daftari akahesabu mizani kwanza. Sasa nimestaafu, ninaishi hapa Nkuhungu, na kosa lile hunijia kila nisikiapo sauti ya Hukwe Zawose.

Mzee Zawose alizaliwa mwaka 1938 kijijini Doduma, mkoani humu humu Dodoma. Baada ya uhuru, Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kuwa miongoni mwa wasanii wa taifa. Baadaye akawa Bagamoyo, kilipoanzishwa Chuo cha Sanaa mwaka 1981, na huko pwani alifariki tarehe 30 Desemba 2003.

Alipiga zeze na ilimba, ile marimba ya Kigogo ipigwayo kwa vidole gumba, ambayo tundu lake hufunikwa utando wa buibui ili sauti ivume. Msikilizeni anavyoimba: mshororo mmoja anaurefusha, mwingine anaukata katikati, na ilimba inamalizia kile ambacho ulimi umekiacha. Mizani imo, ila imo vidoleni. Nilipokuwa nikihesabu silabi za maneno peke yake, nilikuwa nikipima nusu ya shairi.

Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wengi wetu tuliuona ushairi huru kuwa mgeni kutoka Ulaya. Tulibishana kwa ukali, na wakati huohuo Zawose alikuwa akiimba Kigogo na Kiswahili kwa kanuni ambazo kitabu chetu cha sheria hakikuzijua.

Wageni walimsikia. Studio ya Real World ya Peter Gabriel ilitoa albamu yake Chibite mwaka 1996, kisha Assembly mwaka 2002, aliyoifanya na Michael Brook wa Kanada. Mimi naipenda zaidi ile ya kwanza. Katika ya pili mitambo huifunika ilimba mno.

Zamani ala hizo zilikuwa za wanaume. Mwanamke alipewa ngoma ya muheme. Leo bintiye Pendo na mjukuuwe Leah, waitwao The Zawose Queens, wanazipiga wenyewe, na mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha. Daftari la yule mwanafunzi sikulinakili.